Laini ya Matombo na Grafu Iliyotoka Nje ya Karatasi

Leo nimestaafu kazi. Nina miaka kumi na saba. Najua sentensi hizo mbili zikikaa pamoja zinachekesha, na Bi. Mwajuma amezicheka tangu asubuhi, lakini kazi ni kazi, na mtu akiiacha kwa heri ana haki ya kusema amestaafu. Niliingia hapa ofisi ya simu tulipomaliza mtihani wa kidato cha nne. Naondoka kwa sababu majibu yametoka na nimepangiwa kidato cha tano, shule ya mbali. Kwa hiyo nakuandikia wewe utakayekalia kigoda changu likizo ijayo. Sikujui, na ndiyo maana naweza kusema nawe. Mimi watu wakizidi wawili ulimi wangu unalala.

Ya cheo sitaandika, kwa kuwa sikuwa nacho. Ya mshahara sitaandika pia. Hayo muulize mama, yeye ndiye aliyekuwa akiupokea.

Siku ya kwanza Ndugu Meneja alinikuta nimesimama nje ya mlango, nangoja mtu anikaribishe.

"Unaitwa nani?"

"Tekla."

"Sauti!"

"Tekla."

"Mtoto, hapa ni ofisi ya simu. Usiposikika mlangoni, Dodoma watakusikia?"

Lilikuwa swali zuri. Akaniweka kwenye swichibodi hivyo hivyo, ile meza ndefu ya kusimama yenye matundu na waya, kwa kuwa barua yangu ilisema nije kusaidia maopereta. Mtu akizungusha simu yake huko aliko, kibati kidogo kinaanguka juu ya tundu lake. Wewe unachomeka waya, unauliza anamtaka nani, unachomeka waya wa pili kwa huyo anayetakiwa, basi wanaongea. Kibati cha kwanza kikaanguka, nikachomeka, nikasema nilichofundishwa kusema. Yule mtu akaita, "Haloo! Haloo! Hapo pana mtu au pana panya?" Nikachomoa waya. Mchana haujafika nikawa nimeondolewa mezani.

Nilikwenda kulia nyuma ya kabati la betri. Bi. Mwajuma ndiye aliyenikuta. Huyu ni opereta mkuu, mwenyeji wa Mwembesongo, mwanamke mnene anayevaa hedifoni juu ya ushungi kama amezaliwa nayo. Aliniangalia, akapangusa pua yangu kwa ncha ya khanga yake kana kwamba nina miaka minne, akasema, "Nyamaza. Wengine Mungu kawapa mdomo, wewe kakupa penseli. Njoo kwenye grafu."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu, na sasa ni yako. Sikiliza vizuri.

Tuna laini za kwenda Dar, Dodoma, Kilosa, Ngerengere na Matombo. Kila opereta anapounganisha simu anabonyeza kihesabio cha laini hiyo, kile kidude cha chuma kinacholia *tik*. Kila saa unapita mezani na kusoma namba. Usiwaulize, soma mwenyewe. Ukiwauliza watakutuma karanga. Kisha unarudi kwenye karatasi ya grafu, hapo ukutani. Saa unaziweka chini, idadi ya simu unaipandisha upande wa kushoto, unatia nukta, unaunga nukta kwa mstari. Mwisho wa juma karatasi inakwenda Dar kwa treni, na huko wakubwa wanaiangalia waone laini ipi imezidiwa, ipi inaumwa na ipi imelala.

Vifaa ni hivi. Penseli moja, upande mmoja nyekundu, mwingine buluu. Usiichonge kwa wembe wa Ndugu Meneja, anaujua. Rula ipo, imetafunwa na mtu aliyenitangulia. Kifutio kimekatwa kutoka kwenye kandambili ya kushoto ya Bi. Mwajuma, na kinafuta kuliko vile vya dukani, ambavyo hata hivyo dukani havipo. Karatasi za grafu ni chache, tumia pande zote mbili.

Mwanzoni niliona mistari tu. Baadaye nikaanza kuona watu. Dodoma inapanda ofisi zikifunguliwa, inazama saa ya chai, inapanda tena. Ngerengere inapanda alasiri, askari wakitoka gwaride na kuwapigia wachumba. Bi. Mwajuma anajua nani ana wawili na huwaunganisha kwa sauti mbili tofauti, ya pili ikiwa na huruma zaidi. Matombo ikiporomoka ghafla asubuhi, toa nguo zako kwenye kamba: mvua imekwisha kulowesha vikombe vinavyoshika waya kwenye nguzo huko Uluguru, na mjini itafika baadaye.

Kulikuwa na kesi ya kila Ijumaa. Laini zote zilizama mchana kwa pamoja kama zimeangukia shimoni. Dar wakapiga kuuliza ni hitilafu gani. Ndugu Meneja, ambaye ni mtu wa Jumapili, alikuwa kwenye kiti chake anakula muhogo na hakuwahi kujiuliza mbona ofisi imekuwa kimya.

"Bi. Mwajuma, hitilafu iko wapi?"

"Iko msikitini, Ndugu Meneja. Inarudi saa nane."

Wanaume watatu wa zamu ya mchana wote huswali Ijumaa pamoja. Tukabadilishana zamu, shimo likajaa, nikasifiwa kwa kazi ambayo sikuifanya. Zoea hilo.

Sasa nije kwenye Matombo, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyonizeesha.

Matombo ina simu moja. Iko barazani pa duka la ushirika, na mtunzaji wake ni Mzee Gaspari, anayevaa ufunguo wa kisanduku chake shingoni pamoja na rozari. Simu hiyo hiyo ndiyo anayoitumia Mama Veronika, mkunga wa kule, kuita Landrova ya hospitali ya mjini uzazi ukimgomea mtu. Barabara ile wewe unaijua au umesimuliwa. Bila simu, Mama Veronika anabaki na lori la ndizi, nalo huja likipenda.

Kwenye grafu yangu mstari wa Matombo ulikuwa umelala chini kabisa, umenyooka kama mtu aliyeshiba. Simu chache asubuhi, chache jioni. Nilikuwa nikiuchora huku nikipiga miayo. Halafu siku moja Ndugu Meneja akatoka ofisini kwake akiwa hana uso wake wa kawaida.

"Dar wamepiga. Wameangalia grafu. Wanasema laini ya Matombo haitumiki, waya na vifaa vyake vihamishiwe Ngerengere ambako kuna foleni."

Bi. Mwajuma alivua hedifoni. "Haitumiki? Mimi kila nikiitaka naikuta ina mtu!"

"Grafu inasema simu ni chache."

"Grafu haijapiga simu Matombo."

Na kweli. Nikaambiwa nivae hedifoni ya pili nisikilize, maana mimi kusikiliza naweza. Mtu wa Matombo akitaka kuongea na ndugu yake mjini, kwanza Mzee Gaspari humsalimia yule ndugu, kwa kuwa simu ni yake. Anauliza nyumba, watoto, mvua, mahindi, anamuulizia na baba yake aliyekwisha kufa, apewe pole upya. Kisha anampa mwenye simu, naye anaanza salamu tangu shina. Kisha walioko kwenye foleni nao, kwa kuwa wamesikia ni nani, hawawezi kukaa kimya kama hawakulelewa; kila mmoja anapewa mkono wa simu aamkie. Aliyepigiwa huitikia wote. Shida iliyowafanya wapige husemwa mwishoni, kwa haraka, kwa sababu kuna watu wanasubiri. Na kihesabio? *Tik*. Moja.

Bi. Mwajuma akampigia Mzee Gaspari. Akamsalimia, ikachukua muda wake, kisha akamweleza: wafupishe salamu, wapige simu nyingi, la sivyo laini inaondoka na Mama Veronika atabaki anapunga kitambaa barabarani.

"Tufupishe salamu?" Mzee Gaspari alisema. "Mwajuma, wewe mama yako alikuzaa njiani akapita?"

"Mzee wangu, basi msizifupishe. Zikateni."

"Zikatwe vipi?"

"Mtu aseme shikamoo, akate simu. Apige tena apokee marahaba, akate. Apige tena aulize watoto."

Kule milimani nikasikia kicheko, kidogo kidogo kama maji yanayochemka. "Mwajuma," akasema, "huo ni uhuni. Tunaanza lini?"

Walianza kesho yake. Sijawahi kuona kibati kikianguka hivyo. *Tik*, shikamoo, kata. *Tik*, marahaba, kata. *Tik*, hamjambo, kata. Mzee Gaspari alitangaza kijijini kwamba ni kazi ya kujitolea, kama kuchimba mfereji, na watu wakaja wakiwa wameoga. Mtu mmoja alimpigia mkwewe wa Kilakala akakata katikati ya neno "habari", ili kupata mbili. Mikono ya maopereta iliuma. Mstari wa Matombo ulipanda, ukapita Kilosa, ukapita Ngerengere, ukaishinda Dodoma, na siku iliyofuata ukafika ukingo wa juu wa karatasi. Nikaunganisha karatasi ya pili kwa uji wa sembe. Nayo ikajaa. Nikabandika ya tatu, nikapanda juu ya kigoda kutia nukta, kichwa kikagusa dari.

Ndugu Meneja akaja, akaanza kuisoma chini, akaendelea kuinua shingo. "Matombo inaishinda Dar es Salaam?"

Tukainama wote tukaangalia waya zetu.

Hapo ndipo tulipojua kwamba tumezidisha chumvi. Ilibidi karatasi ipelekwe, na ikapelekwa, imekunjwa kama khanga mpya. Jibu likaja kwa simu: mkaguzi anakuja, na akikuta namba ni za kupika, laini ya Matombo itang'olewa mwezi huo huo. Bi. Mwajuma aliniambia, "Tekla, tumeiua wenyewe," na siku hiyo hakumtania mtu yeyote.

Mkaguzi hakuwa kama nilivyomtarajia. Alikuwa kijana mwembamba, kalamu nyingi mfukoni, mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Aliitoa ile grafu yetu mkobani, akaitundika tena ukutani, akaomba chai, akaketi mwenyewe mbele ya tundu la Matombo na kuvaa hedifoni. "Nitawauliza wao wenyewe wanapiga simu za nini." Mimi nilikuwa pembeni yake na ile hedifoni ya pili, tayari kuandika majibu.

"Haloo, Matombo? Mimi ni mkaguzi kutoka—"

"Sauti ya kijana hiyo," Mzee Gaspari akasema, akingoja aamkiwe.

Mkaguzi akaiacha sentensi yake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Umetoka Dar? Dar hawajambo?"

"Hawajambo. Mzee, swali langu ni—"

"Litafika tu, halijapotea. Wazazi wapo?"

"Mama yupo. Baba alifariki."

"Aaa! Pole sana, mwanangu! Lini? Aliumwa nini? Hebu ngoja, kuna shemeji yangu hapa naye akupe pole."

Akapewa pole na shemeji. Akapewa pole na mke wa shemeji. Nilimwona anafungua mdomo mara nyingi na kila mara anaishia kusema "asante, mama" na "nashukuru, mzee". Wamemlea vizuri huko kwao. Hawezi kumkatia mtu mzima simu. Alinitazama kama mtu anayezama.

Ndipo kibati cha hospitali kikaanguka. Bi. Mwajuma akachomeka, akasikiliza. Aliyepiga alikuwa muuguzi mkuu. Asubuhi Mama Veronika alikuwa ameomba Landrova, kuna mama ana uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Gari lilikuwa limewashwa, lakini dereva amesikia daraja la chini limekwenda na maji. Anataka aulize Matombo apite njia gani, na aulize sasa hivi.

"Laini inatumika, dada," Bi. Mwajuma akasema.

"Na nani?"

"Na Ndugu Mkaguzi."

"Anakagua nini?"

"Saa hii anaulizwa habari za migomba." Kisha akanigeukia. Waya wa hedifoni yake haukufika pale nilipo. "Tekla! Wewe uko ndani ya laini. Sema!"

Nikashika kinywa cha simu. Chumba chote kilikuwa kinaniangalia. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba! Huyu naye nani? Mbona sauti kama kifaranga? Mtoto wa nani wewe?"

"Wa... wa Mzee Kobelo wa Kilakala."

"Kobelo! Aliyeoa kwa akina—"

"MZEE, KUNA MAMA ANAJIFUNGUA NA NYIE MMEKALIA SIMU!"

Sijui ilitoka wapi. Ndugu Meneja alitoka ofisini na kikombe mkononi. Panya wa dari walinyamaza. Kule Matombo nikasikia sauti ya mwanamke, kavu, ya karibu sana. Ilikuwa ya Mama Veronika. Alikuwa amesimama kwenye foleni muda wote huo, nyuma ya shemeji, kwa adabu, akingoja zamu yake ya kusema na hospitali.

"Gaspari, lete hiyo simu."

Bi. Mwajuma akaruka, akahamisha waya, hospitali na Matombo wakaungana. Dereva apite njia ya juu. Wanaume watambeba mama kwa machela mpaka njia panda. Maneno machache tu. Gari likaondoka. Mama na mtoto walirudi kwao wazima, na nimeambiwa mtoto ana sauti kubwa kuliko yangu.

Mkaguzi alibaki na hedifoni isiyo na mtu. Alipoketi chai yake ilikuwa inatoa moshi. Sasa ilikuwa imeota utando.

"Ile simu yangu," akasema taratibu, "mmeihesabu ngapi?"

Bi. Mwajuma akageuza kihesabio amwonyeshe. "Moja."

"Moja." Akatazama ukutani, akainua macho mpaka kwenye dari. "Na hizi je?"

Bi. Mwajuma akajitosa. "Ni hizo hizo, Ndugu. Ni salamu zile zile ulizopewa, ila tumezikatakata kama nyama ya bucha."

Mkaguzi aliuma midomo. Akageukia dirisha, mabega yakamtikisika, nami nikadhani analia mpaka nilipomsikia. Alipotulia akasema huko chuoni walifundishwa kupima muda ambao laini imeshikwa, lakini grafu zinazotakiwa Dar ni za idadi tu, na yeye mwenyewe amezisoma miaka yote bila kuuliza. Akanipa karatasi kutoka kwenye mkoba wake, safi pande zote mbili.

"Chora upya. Kila mraba ni robo saa. Waya ukiwa ndani ya tundu, paka nyekundu. Mtu akiitaka laini akaikosa, tia nukta ya buluu chini yake. Na Matombo waambie wasalimiane kama kawaida yao."

Siku hiyo na iliyofuata sikuondoa macho kwenye tundu lile. Dar ilitoka na madoadoa kama kanga. Matombo ilitoka nyekundu tangu asubuhi mpaka kufunga, na mwanya mweupe mmoja tu, Mzee Gaspari anapokwenda kula. Chini yake nukta za buluu zilijaa kama tumemwaga ulezi, na nyingine zilikuwa za hospitali. Ile laini niliyokuwa nikiichora kwa miayo ndiyo iliyokuwa hoi kuliko zote ofisini humu.

"Nitaisemea," Mkaguzi akasema akikunja karatasi. "Lakini anayeamua si mimi."

Akaondoka. Tukabaki tunangoja. Kwa hiyo mwenzangu, utakuta sasa kila laini ina grafu mbili, ya idadi na ya muda, na kazi imekuwa maradufu. Ukitaka kumlaani mtu, laani taratibu. Usisome moja bila nyingine. Na grafu ikikuonyesha mahali pamelala, vaa hedifoni usikilize kabla hujaamini.

Jibu lilikuja jana. Ndugu Meneja alitoka na uso wake wa kawaida. "Laini ya Matombo inabaki. Tekla, wape habari."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye wa kuwapigia kelele?"

Nikachomeka waya. Nilikuwa nimejiandaa kwa salamu za nyumba nzima, baba, mama, na ukoo wa Kobelo mpaka kwa mababu. Nikatamka yote kwa pumzi moja nisije nikakwama: shikamoo, ni Tekla wa simu, laini yenu haiondolewi.

Aliyepokea alikuwa Mama Veronika. Nilisikia anavuta pumzi ndefu, anaishikilia, anaiachia.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Basi kata, kuna mtu anaisubiri."

Nikakata. Hakuna marahaba, hakuna watoto, hakuna mvua. Simu yangu haikujaza hata ukingo wa ule mraba wa robo saa. Nikachukua penseli, nikaupaka mraba wote nyekundu.